Mchezo wa Kuigiza na Mtu Mzima Mwenye Usonji

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 25 anayeuza mchele katika soko la Ifakara baada ya mavuno. Anaweza kutaja vituo vya reli ya TAZARA kwa mpangilio, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, bila kukosea hata kimoja. Hesabu zake ni sahihi daima. Lakini bibi mmoja anapomwuliza, "Hujambo mjukuu wangu, habari za nyumbani?", yeye huzieleza habari zote za nyumbani, hata ya kuku aliyepotea juzi. Na mteja anaposema, "Ghali mno, naondoka", kijana humwacha aende zake, kwani ameyasadiki maneno yake. Majirani husema ana kiburi. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa.

Hali hii wataalamu huiita usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala haitokani na uchawi au malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo huanza utotoni na kuendelea maisha yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nayo. Daktari Leo Kanner alipoieleza nchini Marekani mwaka 1943, alichunguza watoto 11, na tangu hapo aghalabu usonji umezungumzwa kama jambo la watoto. Hata hivyo, watoto hukua, na mtu mzima hapana budi auze, anunue, asalimu na ajibu.

Hapa ndipo mchezo wa kuigiza unapoweza kusaidia. Tukitazama vizuri, kupatana bei ni mchezo wenyewe: muuzaji hutaja bei asiyoitarajia, mnunuzi hujifanya anaondoka, naye huitwa arudi. Wengi wetu tuliyajifunza hayo bila kufundishwa. Mwenye usonji mara nyingi huhitaji kanuni hizo ziwekwe wazi. Katika maigizo, tendo linaweza kusimamishwa katikati, likaelezwa, kisha likarudiwa mara kumi bila mtu kupata hasara wala kuchekwa. Washiriki wanaweza pia kubadilishana nafasi, muuzaji akawa mnunuzi.

Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mtaalamu Blythe Corbett na wenzake walilijaribu wazo hili kwa watoto na vijana 30 wa umri wa miaka 8 hadi 14, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2016. Walioshiriki maigizo pamoja na wenzao wasio na usonji waliendelea zaidi katika kukumbuka nyuso na kuelewa fikra za wengine kuliko wale waliokuwa bado wakingoja zamu yao. Hao hawakuwa watu wazima. Kwa hiyo matokeo hayo yatutie moyo, lakini tusiyakuze kupita kiasi.

Tena tusiige kila kitu. Mafunzo mengi ya ng'ambo yamesisitiza kumtazama mtu machoni. Kwetu, kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa wake huhesabiwa kuwa na adabu. Zaidi ya hayo, wenye usonji wengi hueleza kwamba kujilazimisha kufanana na wengine mchana kutwa huwachosha mno.

Wala kosa la kutoelewana si la upande mmoja. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake, huko Edinburgh, walitangaza jaribio la watu wazima 72 waliopokezana hadithi mmoja baada ya mwingine. Wenye usonji walipoisimulia wao kwa wao, hadithi ilifika salama sawasawa na kwa watu wasio na usonji. Basi majirani nao wanahitaji mazoezi. Donald Triplett, wa kwanza kati ya wale watoto 11 wa Kanner, alifanya kazi katika benki ya mji wake mdogo wa Forest, Mississippi, kwa miongo mingi, akaendesha gari na kucheza gofu, hadi alipofariki mwaka 2023. Wenyeji walizijua tabia zake, wakamkubali.

Njia ya kuwafundisha majirani tunayo. Katika miaka ya 1982 na 1983, Amandina Lihamba, Penina Muhando na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mkoa wa Mwanza. Wanakijiji walichunguza matatizo yao, wakayaigiza kwa ngoma na michezo, kisha wakayajadili hadharani. Utaratibu huo unafaa bonde la Kilombero, ambako ngoma na vichekesho si vitu vigeni. Kikundi cha watu kumi, nusu yao wenye usonji, kingeweza kuigiza soko, zahanati au kituo cha basi, na watazamaji wakaulizwa wao wangefanya nini.

Jambo la kwanza, hata hivyo, ni kumwuliza mwenyewe yule kijana anataka kuigiza tukio gani. Yamkini atachagua lile la mteja anayesema anaondoka.