Gari Juu ya Maji: Sayansi ya Kuvuka kwa Kivuko

Maji yanayonywesha majaruba ya mpunga ya Chekereni, kusini mwa mji wa Moshi, hayaishii Chekereni. Hutoka katika mito ya Njoro na Rau, hugawanywa katika mifereji ya mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na yale yanayobaki huteremka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto Pangani huyachukua, ukapita Korogwe na Hale, hatimaye ukayamwaga katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani.

Familia ya Chekereni inayokwenda pwani kwa gari shule zifungwapo hufuata karibu njia hiyo hiyo. Hupita Same, Mombo na Korogwe, milima ya Upare na Usambara ikiwa upande wa kushoto na mashamba ya mkonge yakitangulia mbele, kisha hushika njia ya Segera na Muheza hadi Pangani. Hapo gari na maji hukutana tena. Kwa vizazi vingi barabara imekuwa ikikoma ukingoni mwa mto, na anayetaka kufika Bweni, pwani ya Ushongo au hifadhi ya Saadani imembidi avuke kwa kivuko.

Kwa watoto walioketi kiti cha nyuma, likizo huanza hapo hasa. Kwa dereva, hapo ndipo huanza dakika chache ambazo sheria za barabara alizozizoea hazitoshi. Gari lake limekuwa shehena, na shehena ina kanuni zake. Makala hii inaeleza kanuni hizo, kwa kuwa kuzijua ni jambo la uhai.

KWA NINI CHUMA HUELEA

Msumari ukitupwa mtoni huzama, lakini pantoni ya chuma yenye uzito wa tani nyingi huelea. Sababu yake ilielezwa na Mgiriki Archimedes katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa mahali pake. Msumari huondoa maji machache kuliko uzito wake. Pantoni, kwa kuwa ndani yake mna uwazi mkubwa, huondoa maji mengi kabla haijazama kabisa, nayo hutulia pale ambapo uzito wa maji yaliyoondolewa umelingana na uzito wake wote.

Hesabu yake ni nyepesi. Msomaji achukue mfano wa pantoni yenye umbo la sanduku, urefu wake mita 20 na upana mita 8. Eneo lake juu ya maji ni mita za mraba 160. Ikizama sentimeta 1 zaidi, huondoa mita za ujazo 1.6 za maji, ambazo katika maji baridi ya mto zina uzito wa tani 1.6. Kwa hiyo gari dogo lenye uzito wa kiasi hicho, likipanda, huizamisha pantoni hiyo sentimeta 1 tu. Lori la tani 10 huizamisha sentimeta 6 hivi.

Maji ya bahari ni mazito zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji baridi ina kilo 1,000, na ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Pantoni ya mfano huu, ikiwa na uzito wa tani 100 pamoja na shehena, huzama sentimeta 62.5 katika maji ya mto. Katika maji ya bahari ingeinuka kwa sentimeta 1.5. Penye mlango wa mto Pangani maji hubadilika kila siku, kwani bahari ikijaa huingia mtoni, na ikipwa mto hupata nafasi tena. Chombo hicho hicho, na shehena hiyo hiyo, huelea kwa vipimo tofauti asubuhi na jioni.

UZITO UMEKAA WAPI

Wengi hudhani kwamba hatari ya chombo ni kulemewa mpaka kizame wima. Ajali nyingi hazitokei hivyo. Chombo hupinduka kabla hakijafikia kiasi cha kuzama, na linaloamua ni mahali uzito ulipokaa.

Kila chombo kina kitovu cha uzito, yaani pahala ambapo uzito wote ni kama umekusanyika. Kina pia kitovu cha nguvu ya kuelea, kilicho katikati ya sehemu iliyomo majini. Chombo kikiinama upande mmoja, umbo la sehemu iliyomo majini hubadilika. Upande ulioinama huondoa maji mengi zaidi, na nguvu ya kuelea huhamia huko ikakisukuma chombo kisimame tena. Mfaransa Pierre Bouguer, katika kitabu chake cha mwaka 1746 juu ya ujenzi wa meli, alionyesha jinsi ya kupima uwezo huo. Kwa ufupi, chombo kipana chenye mzigo wa chini hujisimamisha kwa nguvu, na chombo chembamba chenye mzigo wa juu hujisimamisha kwa shida. Upana ukiongezwa mara 2, urefu ukibaki ule ule, uwezo unaotokana na umbo lile la juu ya maji huongezeka mara 8. Ndiyo maana vivuko vya magari hujengwa vipana na bapa kama sinia.

Lakini hata sinia huinama likibebwa na mzigo wa upande mmoja. Lile lori la tani 10 likiegeshwa katikati, pantoni ya mfano huzama sentimeta 6 kila upande. Likiegeshwa mita 3 kutoka katikati, upande wake huzama karibu sentimeta 16 zaidi, jumla 22, na upande wa pili ukainuka sentimeta 10. Baharia anayemwashiria dereva asogee nusu mita kulia hamsumbui. Anazigawa tani.

Magari yakishaegeshwa hukaa. Watu hawakai. Husimama, huhama kutafuta kivuli, na chombo kikaribiapo gati husogea kwa pamoja ili washuke wa kwanza. Watu 100 wa kilo 60 kila mmoja ni tani 6 zinazotembea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na idhini ya kuchukua abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Hesabu hiyo peke yake yatosha kuonyesha kiasi cha watu waliokuwamo. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilipinduka katika ziwa hilo hilo karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Nambari ya abiria iliyoandikwa ubavuni mwa chombo si pendekezo la karani. Ni jibu la hesabu, na anayelipita amekwisha kuitumia akiba iliyowekwa kwa ajili ya wimbi, upepo na hofu ya watu.

MAJI YANAYOTEMBEA

Wakulima wa Chekereni wanajua jambo moja ambalo wajenzi wa meli wamelilipia kwa maisha ya watu. Maji yakiachwa katika eneo pana lisilogawanywa, hukimbilia upande ulio chini hata kwa tofauti ndogo sana. Ndiyo maana shamba la mpunga hukatwa kwa matuta kuwa majaruba madogo, kila jaruba na maji yake. Na mama anayebeba ndoo kichwani huweka jani pana juu ya maji ili yasitikisike, kwani ndoo ikianza kuyumba, maji huyumba nayo na kuongeza myumbo.

Sitaha ya magari ni kama shamba lisilo na matuta. Yakiingia maji ya kina cha sentimeta 10 tu katika sitaha ya mita 20 kwa 8, ni tani 16, na tani hizo hazikai mahali. Chombo kikiinama kidogo, zote hukimbilia upande huo na kukiinamisha zaidi. Tarehe 6 Machi 1987 meli Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ya magari ikiwa wazi. Maji yakaingia sitahani, na meli ikalala ubavu katika muda wa kama dakika moja na nusu. Watu 193 walikufa. Mafundi wa meli hugawa matangi kwa kuta za ndani kwa sababu ile ile mkulima anayoinulia tuta, na kwa sababu hiyo hiyo mlango wa pantoni huinuliwa kabla ya safari hata kama ng'ambo inaonekana kwa macho.

MTEREMKO, BAMVUA NA BREKI

Sehemu ngumu kwa dereva ni kupanda na kushuka. Katika pwani ya Tanga, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Pantoni huinuka na kushuka pamoja na maji, lakini ufuko haubadiliki. Maji yakijaa, gari hupanda karibu usawa. Yakipwa, sharti literemke mteremko mrefu uliokuwa chini ya maji saa chache kabla, wenye matope na mwani, ambao tairi haliushiki kama linavyoishika lami kavu. Penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 8, gari la kilo 1,500 huvutwa chini kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 186. Nguvu hiyo haipumziki, ndiyo maana breki ya mkono peke yake haitegemewi. Gari hutiwa gia, na utingo mwenye uzoefu huweka kabari nyuma ya gurudumu bila kuambiwa.

Yako pia mambo ya Newton. Gari likifunga breki juu ya pantoni, huisukuma pantoni kuelekea lilikokuwa linakwenda, yaani mbali na ufuko. Lori la tani 10 likiingia kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa na kusimama ghafla juu ya pantoni ya tani 100 isiyofungwa, laweza kuipa mwendo wa robo mita kwa sekunde. Baada ya sekunde 4 pengo ni la mita nzima, na gari linalofuata huenda tayari limeweka magurudumu ya mbele mlangoni. Ndiyo sababu nahodha huiacha mashine ikisukuma kuelekea nchi kavu wakati wote wa kupakia, na ndiyo sababu magari huingia moja moja, polepole.

WALIO NDANI YA GARI

Tarehe 29 Septemba 2019, katika kivuko cha Likoni, Mombasa, gari lililokuwa juu ya kivuko lilirudi nyuma na kutumbukia baharini likiwa na mama na binti yake ndani. Ilichukua karibu wiki mbili kulipata, katika kina cha mita 58.

Gari likianguka majini halizami mara moja. Nalo ni chombo chenye uwazi, huelea kwa muda mfupi. Tatizo ni mlango. Maji yakifika sentimeta 60 juu ya kizingiti cha mlango wenye upana wa mita 1, huusukuma kwa nguvu ya karibu kilo 180. Wachache wawezao kuufungua. Kioo kilichoteremshwa mapema hakihitaji nguvu yoyote, na kile cha umeme chaweza kukataa kikishalowa. Kwa hiyo agizo la abiria kushuka garini kabla ya gari kupakiwa, ambalo wengi huliona usumbufu, hasa mvua inaponyesha au mtoto amelala, lina maana iliyo wazi. Abiria wapande kwa miguu. Dereva aingie peke yake, ateremshe vioo na kufungua mkanda kabla magurudumu hayajagusa mlango wa pantoni. Akishaegesha azime injini, atie gia, avute breki ya mkono, naye ashuke. Kabla hawajaondoka ufukoni, kila mmoja atazame jaketi za kuokolea maisha zimewekwa wapi, na mtoto avalishwe ya kipimo chake.

Vivuko vinapungua. Kigamboni ilipata daraja mwaka 2016, na tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilifunguliwa huko Mwanza. Pangani nako, ujenzi wa daraja la mita 525 ulianza katika miaka ya 2020. Hata hivyo Ukara, Ukerewe na Mafia ni visiwa, na kwa muda mrefu ujao magari yataendelea kupandishwa juu ya maji.

Dereva wa Chekereni anayeingia kivukoni ana elimu kubwa kuliko anavyodhani. Amekwisha kuona shambani kwake jinsi maji yanavyoutafuta upande wa chini, na jinsi tuta dogo linavyoyatuliza. Baharia akimwashiria asogee, asogee. Akiona chombo kimejaa kupita kiasi, angoje kinachofuata. Bahari ya Ushongo itamngoja saa moja zaidi.