Ukali na Usugu: Bakteria wa Hospitalini Wanapobeba Silaha Mbili

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Nyandira, Langali au Tchenzema, katika tarafa ya Mgeta, huteremka milima ya Uluguru hadi Mzumbe, kisha Morogoro mjini. Familia hubeba gharama za safari hiyo kwa kuamini kwamba hospitalini ipo dawa ambayo zahanati haina. Imani hiyo ni sahihi, maadamu dawa yenyewe bado inaua vimelea. Katika makala hii tunaeleza kwa nini baadhi ya maambukizi ya hospitalini yamekuwa magumu kutibika, ni kitu gani humfanya bakteria mmoja kuwa hatari kuliko mwenzake, na nini kilicho mikononi mwa mtumiaji wa dawa.

Mambo mawili yasiyofanana

Watu wengi wanaposikia habari za bakteria sugu hudhani kwamba huyo ndiye bakteria mkali. Sivyo. Ukali ni uwezo wa bakteria kuudhuru mwili; usugu ni uwezo wake wa kustahimili dawa. Kila uwezo hutokana na jeni zake, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya bakteria.

Tuchukue mfano wa bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae. Huyu huweza kukaa kwenye utumbo wa mtu mwenye afya bila kumletea madhara yoyote. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Taiwan walieleza aina yake iliyo kali: iliwapata watu waliokuwa majumbani mwao, ikawasababishia jipu la ini, na kwa baadhi yao maambukizi yakafika hadi machoni. Hata hivyo bakteria hao waliuawa na dawa nyingi za kawaida. Walikuwa wakali, lakini si sugu. Kwa upande mwingine, wodi za hospitali zilikuwa na Klebsiella waliokuwa sugu kwa dawa nyingi, lakini ambao kwa kawaida waliwashambulia wale tu ambao miili yao ilikwisha kudhoofika.

Jeni za ukali hufanya kazi gani?

Jeni hizi humpa bakteria zana za kuishi mahali ambapo mwili haumtaki. Kwa Klebsiella, zana kuu ni tatu.

Ya kwanza ni vinywele vidogo vya kunatia. Kwa vinywele hivyo bakteria hushikilia ukuta wa kibofu, au mpira wa mkojo aliowekewa mgonjwa, asisombwe na mkojo.

Ya pili ni utando mzito wenye utelezi unaomzunguka. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kummeza mvamizi, hushindwa kumkamata.

Ya tatu ni kemikali za kunyang'anya madini ya chuma. Bakteria hawezi kuzaliana bila chuma, nao mwili hulijua hilo, hivyo huyafungia madini hayo ndani ya protini zake. Bakteria mkali hutoa kemikali, mojawapo ikiitwa aerobaktini, ambazo huyanasa madini hayo na kumrudishia.

Silaha mbili katika mkono mmoja

Jeni nyingi za usugu, na baadhi ya jeni za ukali, hukaa juu ya vipande vidogo vya mviringo viitwavyo plasmidi. Bakteria anaweza kutoa nakala ya plasmidi na kumpa jirani yake. Hivyo bakteria sugu anaweza kupokea ukali, na aliye mkali akapokea usugu.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2016 katika hospitali moja mjini Hangzhou, China. Wagonjwa watano waliofanyiwa upasuaji baada ya kuumia vibaya, wakiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi na kusaidiwa kupumua kwa mashine, walipata nimonia ya Klebsiella. Wote watano walifariki. Uchunguzi ulionesha kwamba bakteria huyo alikuwa wa ukoo uliokwisha kuwa sugu kwa karbapenemu, dawa zinazowekwa akiba kwa maambukizi mazito, kisha akapata plasmidi yenye jeni za ukali. Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Klebsiella wenye sifa hizo mbili kwa pamoja, walioripotiwa katika nchi mbalimbali.

Hali hapa nchini

Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watoto 1,828 waliolazwa. Miongoni mwa waliokuwa na maambukizi ya damu yatokanayo na kundi la bakteria ambalo Klebsiella ni mmojawao, asilimia 43.5 walifariki. Kwa watoto wenye malaria, waliofariki walikuwa asilimia 20.2. Watafiti walibaini kwamba mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake alikuwa sugu kwayo alikuwa katika hatari zaidi ya kufa.

Mwaka 2013 watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha matokeo kuhusu Klebsiella waliosababisha maambukizi ya damu kwa watoto wachanga. Ukoo mmoja ndio uliotawala, nao ulibeba jeni iitwayo CTX-M-15. Jeni hiyo humwezesha bakteria kuiharibu seftriaksoni, sindano inayotegemewa sana katika hospitali zetu.

Mgeta inahusika vipi?

Tunasikia mara nyingi mtu akisema, "Mwili wangu umeizoea dawa hii." Mwili hauzoei, anayekuwa sugu ni bakteria. Mtu anaponunua vidonge vinne vya amoksilini kwa ajili ya mafua, virusi vya mafua havidhuriki. Wanaokufa ni bakteria dhaifu wa tumboni, na wale sugu hupata nafasi ya kuongezeka. Dawa haimfanyi bakteria kuwa mkali, ila humwachia uwanja aliye sugu. Na ikiwa jeni za ukali zimepanda plasmidi moja na zile za usugu, husafiri pamoja. Mtu huyo akilazwa baadaye kwa upasuaji au uzazi, huingia wodini na bakteria hao bila kujua.

Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea mikoani, yamezisogeza dawa karibu na kaya za vijijini. Ukaribu huo hauondoi sharti la cheti. Vivyo hivyo kwa wafugaji wa mbuzi wa maziwa, ambao Mgeta inasifika kwao: oksitetrasaiklini ya mifugo nayo ni antibiotiki, na kuitumia ovyo huzaa usugu uleule.

Mtumiaji afanye nini?

Kabla ya kwenda hospitali:

- Usinunue antibiotiki bila cheti, wala usikubali kuuziwa nusu dozi.
- Tumia dawa kwa kiasi na muda ulioandikiwa. Usimpe mwingine dawa zako, wala usiweke akiba ya masalia.
- Mfugaji apate ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na asiuze wala kunywa maziwa kabla ya muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa ya dawa kuisha.

Ukiwa hospitalini, au ukimuuguza ndugu:

- Mweleze mhudumu dawa zote zilizokwisha kutumika. Pakiti tupu ni ushahidi mzuri, nenda nazo.
- Daktari akiagiza damu, mkojo au usaha uoteshwe maabara, usikipuuze kipimo hicho hata kama majibu huchukua siku kadhaa. Ndicho kinachoonesha dawa ipi bado inafanya kazi.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, wala msichangie beseni.
- Una haki ya kumkumbusha mhudumu, kwa heshima, anawe mikono, na ya kuuliza kama mpira wa mkojo au sindano ya dripu bado inahitajika.

Hatusemi antibiotiki ziogopwe. Mgonjwa mwenye maambukizi mazito ya bakteria anazihitaji, na kuchelewa kumpeleka kituo cha afya ni hatari kubwa. Ukikuta duka linalouza antibiotiki bila cheti, au dawa unayoitilia shaka, toa taarifa kwa mfamasia wa wilaya au kwa ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Jeni za ukali hatuwezi kuziondoa duniani. Dawa zinazowaua wanaozibeba tunaweza kuzitunza.