Chumbe: kisiwa kisicho na kisima

Ukiwa Mpanda, bahari iko mbali kweli. Unapanda treni, unapita Kaliua, Tabora na Dodoma mpaka Dar es Salaam, halafu boti hadi Unguja. Ukishafika Unguja, kilichobaki ni safari fupi ya boti kwenda Chumbe, kisiwa kidogo kilichopo kilomita kama 12 kutoka Mji Mkongwe. Utakuta mnara wa taa wa mwaka 1904, msitu, nyumba saba za wageni zilizoezekwa makuti, na upande wa magharibi mwamba wa matumbawe unaolindwa kama hifadhi tangu 1994.

Kisima hutakiona. Kwa nini, wakati mvua zinanyesha?

Unakanyaga mifupa

Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni kundi la wanyama wadogo sana, polipu, wanaojijengea nyumba za chokaa. Wakifa, chokaa inabaki, wengine wanajenga juu yake. Mawe mengi ya namna hii kwenye pwani yetu yalijengeka kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Ndo kisiwa chenyewe hicho.

Sasa, jiwe hilo lina matundu kama sponji. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu, yanazama moja kwa moja. Huko chini yanakutana na maji ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu kama 1,025, ya maji baridi 1,000, kwa hiyo maji baridi huelea juu. Kwenye kisiwa kikubwa kama Unguja tabaka hilo ni nene, ndiyo maana watu wanachimba visima. Kwenye kisiwa kidogo ni jembamba mno, na kila bahari ikijaa na kupwa linachanganywa na chumvi.

Hesabu ya paa

Basi kinachobaki ni paa. Chumbe maji ya mvua hukingwa kwenye mapaa, huchujwa na kuhifadhiwa kwenye matangi chini ya nyumba. Hebu tupige hesabu ya mfano: tangi la lita 15,000, wageni wawili. Kila mmoja akitumia lita 150 kwa siku, kama mtu anayeacha bomba la bafu wazi, tangi linaisha baada ya siku 50. Wakitumia lita 50 kila mmoja, linafika siku 150, yaani kiangazi chote cha Juni hadi Oktoba.

Yanayozama yanaenda wapi?

Hapa ndipo penye uzito. Matundu yale yanayomeza mvua yanameza pia maji ya choo na ya sabuni, na kuyapeleka baharini. Ndani ya polipu huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Ushirika huo unataka maji safi, yenye mwanga. Uchafu ukiingia, ni kama umemwaga mbolea: mwani mkubwa unakua haraka na kuyafunika matumbawe. Ndiyo maana vyoo vya Chumbe havitumii maji, kinyesi hugeuzwa mboji, na maji ya kuogea huchujwa kwenye vitalu vya mimea.

Joto nalo lipo. Bahari ikizidi joto lake la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, polipu huutoa ule mwani, tumbawe linapauka, na hali ikiendelea linakufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikufa hivyo. Joto la bahari huwezi kulizuia ukiwa mgeni wa siku mbili. Uchafu unaweza, na mwamba usiobebeshwa uchafu una nafasi nzuri zaidi ya kupona.

Ukienda, basi, usisimame juu ya matumbawe, vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya kuzuia jua, na oga haraka.

Mtu wa Katavi hahitaji kuambiwa mengi. Nenda Ikuu mwezi wa tisa, uone viboko walivyobanana kwenye tope la Mto Katuma. Maji yakipungua juu, aliye chini ndiye anayejua. Chumbe, aliye chini ni tumbawe.