Kukimbia pamoja ni kinga ya upweke mjini

Wakazi wengi wa mijini huishi ploti moja kwa miaka bila kujuana majina. Kila mtu hurauka kwenda kazini, na jioni hurejea akafunga mlango.

Upweke wa aina hii si jambo la kupuuzwa. Katika ripoti yake ya mwaka wa 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mtu 1 kati ya kila 6 duniani husumbuliwa na upweke.

Kinga moja isiyo na gharama kubwa ni vikundi vya kukimbia. Havihitaji ofisi wala kadi ya uanachama. Watu hukubaliana mahali na saa, basi.

Mjini Iten, ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, umati wa wanariadha hukusanyika Alhamisi asubuhi kwa mazoezi ya kubadilisha kasi. Chipukizi asiye na kocha hukimbia bega kwa bega na bingwa.

Nchini Uingereza, Paul Sinton-Hewitt aliwaalika wenzake katika bustani ya Bushy Park, London, Oktoba 2, 2004. Yeye mwenyewe alikuwa na jeraha na hangeweza kukimbia, lakini alitaka kuwaona marafiki zake. Wakimbiaji 13 walijitokeza. Mbio hizo za bure za kilomita 5 sasa hufanyika katika nchi nyingi.

Je, siri ni nini? Kwanza, anayejua kuwa anasubiriwa hatalala. Pili, asiyeonekana huuliziwa, na hivyo ugonjwa au shida yake hujulikana mapema. Tatu, mtu huona wepesi kueleza yaliyo moyoni akitazama barabara kuliko akitazamwa usoni. Kwa akina mama, kuwa wengi alfajiri pia ni usalama.

Ukitaka kuanza, tafuta majirani wawili au watatu. Tembeeni kwanza, kisha mkimbie kwa kasi inayowaruhusu kuzungumza bila kutweta. WHO hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Na muhimu zaidi, msimwache nyuma aliye mzito. Akiachwa leo, kesho hatakuja.