Usinunue German Shepherd umfunge mnyororo

Umepata keja yenye geti Mlolongo au Syokimau, umebandika kibao cha "Mbwa Kali", sasa kilichobaki ni mbwa mwenyewe. Najua unamtaka nani: German Shepherd, yule wa masikio wima na mgongo mweusi. Lakini kabla hujatuma pesa kwa simu, hebu tuongee.

Huyu ni mbwa wa mchungaji. Mwaka wa 1899 Mjerumani aliyekuwa mwanajeshi, Max von Stephanitz, alinunua mbwa wa kuchunga kondoo akamwita Horand, naye akawa wa kwanza kusajiliwa katika aina hii. Kazi yao ilikuwa kutembea siku nzima kando ya kondoo, kuwazuia wasiingie shamba la mtu, huku wakimsikiliza mchungaji. Hata polisi humpenda kwa sababu hiyo: anashika mafunzo haraka na hachoki upesi.

Sasa umfunge nyuma ya nyumba Jumatatu hadi Jumatatu? Atajitafutia kazi. Atachimba, atabweka usiku kucha, na siku moja atamuuma mtoto wa jirani aliyekuja kuokota mpira. Halafu mtaa mzima useme mbwa ni mbaya, kumbe ni wewe uliyemharibu.

Mtembeze asubuhi kabla jua la Machakos halijawaka, na tena jioni. Manyoya yake yana tabaka mbili, kwa hivyo mchana anahitaji kivuli na maji ya kutosha. Mchane mara kadhaa kwa wiki, ukiangalia kupe masikioni na katikati ya vidole. Mfundishe kuketi, kungoja na kuja akiitwa, dakika 10 tu kila siku. Akiwa bado kilebu, mzoeshe watu, watoto na kelele za bodaboda, ila usimkimbize mbali mifupa ikiwa michanga. Aina hii husumbuliwa na nyonga, kwa hivyo mwambie muuzaji akuonyeshe wazazi wakitembea.

Kuhusu chakula, usimpe ugali wa mahindi yenye ukungu eti "ni mbwa tu". Aflatoksini iliyoua watu 125 nchini mwaka wa 2004, Ukambani ikiumia zaidi, humuua mbwa pia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, hauna tiba. Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Mbwa huyu ataishi miaka 10 hivi, pengine 13. Kama unapanda matatu ya Nairobi saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, na hakuna wa kumtembeza, mwachie mwingine. Wewe weka taa ya usalama getini.