Vidole vya Mwalimu

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie kazi ya mkono darasani.

Asubuhi Kilwa Kivinje, mashua zikirudi, injini zinanguruma na upepo unavuma. Mchuuzi aliye ufukweni anataka kujua kama kuna samaki. Hapigi kelele, anainua kidevu tu. Mvuvi naye, angali majini, anamwonyesha viganja vitupu. Wameshaelewana.

Pwani hii ilizoea wageni zamani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika magofu ya Kilwa Kisiwani vimeokotwa vigae vya vyombo vya China. Bidhaa zilizotoka mbali hivyo zilipita kwa watu wa ndimi nyingi, na penye ndimi nyingi vidole havikosi kazi.

Haya, tuingie darasani. Tangu 1967 shule nyingi za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo. Mtoto akifika sekondari, karibu kila somo linageuka Kiingereza. Mwalimu wa madarasa ya chini ana kipindi kifupi na kazi kubwa. Akitafsiri kila neno, watoto watasubiri Kiswahili chake na kuliacha lile la Kiingereza lijipitie.

Kwa hiyo mwalimu mjuzi anasema “stand up” huku akiinua viganja, na darasa zima linasimama. Anasema “listen”, mkono uko sikioni. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alianza kuijenga njia ya namna hii miaka ya 1960: mwanafunzi atii kwanza kwa mwili, kusema kutafuata. Bibi zetu walimwambia mtoto “keti” huku wakimkalisha, ila hawakuandika kitabu.

Mimi ninachokipenda zaidi ni vidole. Mtoto anasema, “I eating fish.” Mwalimu hamkatizi wala hakunji uso. Anainua vidole vinne, kila kidole na neno lake. Anagusa cha pili, ananyamaza. Mtoto anakikodolea macho, midomo inacheza, halafu anapata: “I am eating fish!” Amejisahihisha mwenyewe, na wenzake hawakupata la kucheka, maana kosa halikutajwa. Tena kosa lenyewe si uzembe. Kiswahili hufunga mtendaji, wakati na tendo ndani ya “ninakula”, basi mtoto wa Lindi ataijuaje kazi ya hiyo “am”? Kidole kinamshikia nafasi, kama kete iliyobaki shimoni kwenye bao.

Kwa mambo ya jana, mwalimu huelekeza dole gumba nyuma ya bega. Saa ndiyo mtihani. Kwetu jua likishachomoza baharini ni saa moja. Mwingereza anaihesabu ya saba. Mwalimu akiinua kidole kimoja amewapoteza. Akinyoosha mkono kule jua liliko asubuhi, kisha akaonyesha vidole saba, wanashika.

Lakini mkono nao una kwao. Sisi humwita mtu kiganja kikitazama chini. Mwingereza hukigeuza juu. Na macho je? Mmefunzwa kuyainamisha mkubwa anaposema nanyi. Mwalimu mgeni aliyezoea kutazamwa usoni anaweza kudhani mnaficha jambo, kumbe mnamheshimu. Ndiyo maana siziamini sana ishara zilizopangwa mbali na kuletwa kwetu zilivyo. Mwalimu na aanze na zile ambazo watoto wanazo tayari nyumbani na ufukweni, halafu awaonyeshe na za wenye lugha, maana watakutana nao.

Nanyi wajukuu, mwalimu akigusa kidole cha pili, msigeuke kumwuliza jirani jibu. Hesabuni maneno yenu wenyewe.