KIVULI CHA MNAZI JUU YA PAA

Malalamiko haya twayasikia Ngamiani, twayasikia Pangani, na hata katika vijiji vya Mkinga. Mtu amejinyima, akanunua paneli moja ya sola na betri yake. Fundi akaja mwezi wa Machi, akaifunga juu ya bati. Taa zikawaka, watoto wakasoma usiku. Ulipofika Juni, taa zikaanza kufifia mapema. Fundi akaitwa, akakawia, akaja Oktoba. Akapima, akaikuta paneli nzima. Mwenye nyumba akabaki na imani kwamba dukani alipunjwa.

Wauza duka wana makosa yao, lakini hili sisi hatuwatwiki. Kosa ni la mnazi ulio kaskazini ya nyumba. Au, tukisema kwa haki, ni la yule aliyepanda paani asiutazame.

Tanga iko karibu digrii 5 kusini ya ikweta. Jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na siku hizo saa sita mchana mti hauna kivuli cha kusumbua. Juni jua huinamia kaskazini, na Desemba kusini. Mnazi uliolizidi paa kwa mita 12 hutupa kivuli chake juu ya paa hilo mita 6 na nusu upande wa kusini, adhuhuri ya Juni. Ukiwa kusini ya nyumba, Desemba hutupa mita 4 upande wa kaskazini. Asubuhi na jioni kivuli hurefuka zaidi.

Msomaji atauliza: kuti moja laweza kuishinda paneli nzima? Laweza. Seli za paneli zimeungwa moja nyuma ya nyingine, mfano wa watu wanaopokezana ndoo toka kisimani. Mmoja akilegea, safu yote hulegea; na seli ile iliyo kivulini, ikisukumwa na wenzake, hupata moto hata yaweza kuungua. Ndiyo maana watengenezaji hutia diodi, yaani njia ya pembeni, ili umeme ulipite fungu lenye kivuli. Paneli kubwa ya seli 60 kwa kawaida ina mafungu matatu. Fungu moja likirukwa, theluthi mbili hubaki.

Lakini paneli ya mtu wa kipato kidogo ni ya seli 36, yenye mafungu mawili, au haina diodi kabisa. Nayo hutoa kama volti 18. Fungu moja likirukwa hubaki volti 9, na volti 9 haziwezi kuijaza betri ya volti 12. Tajiri hupoteza theluthi. Huyu aliyenunua kwa akiba ya mwaka hubakiwa na matone tu ya seli iliyo kivulini.

Siku hizi kuna paneli za seli zilizokatwa nusu: nusu ya juu na nusu ya chini hufanya kazi mbalimbali, hata kivuli kikipanda toka chini, nusu ya juu huendelea. Ziko pia zile za utando mwembamba, ambazo seli zake ni mistari mirefu. Kivuli kikiikata mistari yote kidogo kidogo huvumilika, kikiulalia mstari mmoja wote huwa taabu. Hata paneli kubwa ya kawaida, ukiilaza badala ya kuisimamisha, kivuli kinachotambaa toka chini hugusa fungu moja badala ya yote matatu. Kulaza hakuna gharama.

Wapo waliokwisha kushika mashoka. Twawasihi wangoje. Mnazi huzaa miaka zaidi ya hamsini, na nazi zake zimelipa karo ya wengi pwani hii. Nguzo moja uwanjani palipo wazi, na waya mnene kidogo ili umeme usipotee njiani, humaliza shauri bila kuangusha kitu. Na fundi ajaye aulizwe kwanza, kabla ya kuegemeza ngazi, kivuli cha Juni kitaangukia wapi.